Boila la Kuni Halitaki Kujazwa

Moto wa boila la nje, lile tanuri la kuni la uani linalopasha maji ya kutia joto nyumbani, hufa zaidi mwezi wa Oktoba kuliko Januari. Wengi nikiwaambia hivyo hawakubali. Januari ndipo theluji inafika magotini na kipimajoto kinaonyesha nyuzi 25 chini ya sifuri kabla hakujapambazuka. Oktoba majani ya miti ndiyo kwanza yanageuka rangi, na mchana mtu anaweza kushinda uani na shati peke yake. Moto uzimike wakati wa vuguvugu halafu uwake wakati wa barafu, inaingiaje akilini? Lakini ndivyo ulivyo, na mtu akishaielewa sababu yake hahangaiki tena na moto huu.

Nakaa Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, jimbo ambalo karibu asilimia 90 ya ardhi yake ni msitu. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili hapa, tuliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwetu Tanzania, wako Portland na Lewiston, kwenye nyumba za kupanga ambako joto hutoka ukutani bila mpangaji kujua linakotoka. Lakini wapo wanaosogea vijijini kutafuta shamba au nyumba ya bei nafuu, na wakifika wanakuta uani kibanda cha bati chenye bomba la moshi. Mwenye nyumba wa awali anawakabidhi funguo, anawaonyesha mlango mzito wa chuma, anawaambia watie kuni asubuhi na jioni, anaondoka. Alichosema ni kweli ila hakitoshi, na hao ndio ninaowaandikia.

Ndani ya kibanda kile mna tanuri la chuma lililozungukwa na maji pande zote, mamia ya lita. Moto unapasha maji, pampu inayasukuma kupitia mabomba yaliyofukiwa ardhini mpaka nyumbani, huko yanaachia joto lake kwenye vyumba na kwenye maji ya kuogea, kisha yanarudi kupashwa upya. Maji yenyewe hayachemki. Maboila mengi ya namna hii yako wazi juu, hayana presha, na maji hukaa kwenye nyuzi 80 na ushei. Faida yake naipenda sana: moshi, majivu, magome na wadudu wa kwenye kuni vyote vinabaki nje, na watoto wanaoga maji ya moto yaliyotokana na miti iliyoota karibu na nyumba. Nyumba nyingi za Maine hupashwa kwa mafuta, na bei ya mafuta hupangwa mbali na hapa na watu wasiotujua. Kuni tunaziona kwa macho, tunajua zimebaki ngapi.

Sasa namna linavyofanya kazi. Kuna kidhibiti kinachopima joto la maji. Maji yakishuka, tuseme hadi nyuzi 80, kidhibiti kinafungua tundu la hewa na kuwasha feni, moto unanguruma. Yakifika 85 feni inazimika, tundu la hewa linafungwa, na moto unaachwa bila pumzi. Hauzimiki papo hapo. Unalala. Makaa yanabaki mekundu chini ya majivu, kuni za juu zinafukuta, hadi nyumba ichote joto la kutosha na maji yapoe, ndipo feni inapouamsha.

Januari nyumba inachota joto usiku na mchana, kwa hiyo usingizi wa moto ni wa dakika chache. Oktoba nyumba haidai kitu. Maji yakishafika 85 kabla ya adhuhuri yanaweza kukaa hapo hapo mpaka magharibi. Moto unalala masaa manne, matano, hata sita bila hewa. Makaa yanajila yenyewe taratibu, kuni zilizorundikwa juu yake hazijapata joto la kushika, na usiku baridi inapoanza kudai, feni inaamka na kupuliza majivu na vijinga vyeusi. Familia inaamka na mabomba ya vuguvugu.

Anayekuta hivyo hudhani kuni hazikutosha, na kesho yake anajaza hadi mlangoni. Hapo ndipo mambo yanapoharibika kabisa. Boila halijazwi kwa kuwa lina nafasi. Linatiwa kuni kwa kadiri ya usiku unaokuja, na kama usiku unaokuja ni wa nyuzi 8 juu ya sifuri, kwapa moja la kuni linatosha na linabaki.

Ili kuelewa madhara ya kujaza, lazima tuangalie ukuni wenyewe unavyoungua. Ukuni mkavu ukipashwa moto, robo tatu ya uzito wake au zaidi hutoka kwanza kama gesi, na kinachobaki ndiyo makaa. Mwali tunaouona ni gesi hiyo ikiungua. Ili iungue sawasawa inahitaji mambo mawili kwa pamoja, hewa ya kutosha na joto la nyuzi 600 hivi na kuendelea. Boila likilala, hewa hakuna. Joto nalo ni la shida, kwa sababu kuta za tanuri zina maji nyuma yake, na hata moto uwe mkali namna gani katikati, chuma kile hakiwezi kuyazidi sana maji yanayokipoza. Gesi iliyokosa kuungua inagusa ukuta wa nyuzi 80, inapoa, inageuka utomvu mweusi mzito. Fungua boila lililojazwa majira yote ya vuli uone: kuta zinang'aa kwa lami, inachuruzika pembeni mwa mlango, imeganda kwenye bawaba, na harufu yake ikishika koti haitoki kwa kufua mara moja.

Lami hiyo inazuia joto lisiyafikie maji. Inabana bomba la moshi. Mbaya zaidi, unyevu wake una tindikali inayokula chuma kimyakimya kwa ndani, na hivyo ndivyo boila ambalo lingefika miaka 20 linavyotoboka likiwa changa. Zile kuni za ziada basi hazikukaa akiba mle ndani. Sehemu kubwa ya thamani yake imeondoka kama moshi, na iliyobaki imekuwa sumu ya chombo.

Kwa sababu hiyo Oktoba mimi siwashi. Nasubiri baridi ikaze, usiku kadhaa wa barafu mfululizo, na kabla ya hapo nyumba inapata joto kwa umeme. Asiyekuwa na njia nyingine awashe, lakini atie kuni kidogo, nyembamba, zilizochanjwa vizuri, mara moja jioni, moto uwake kwa nguvu mpaka uishie makaa. Maboila mengi yana saa ndogo inayoweza kufungua hewa kwa dakika chache kila baada ya muda, hata kama maji hayadai joto, ili makaa yasife. Wengi hawajui kama ipo. Itafuteni kwenye kitabu cha maelekezo.

Moto mdogo unaowaka kwa nguvu ni bora kuliko mkubwa unaolala, na hilo nililiona kwa mama yangu kabla sijawahi kuona theluji. Yuko Mufindi bado, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na wiki iliyopita tuliongea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi imeshaanza?"

"Imeanza, mama. Ndiyo tunahamishia kuni karibu na boila."

"Za lini hizo?"

"Za mwaka juzi."

"Haya. Maana mbichi inalia tu, haipiki."

Kwetu Mufindi Juni na Julai ukungu unaweza usiondoke siku nzima, na manyunyu yanalowesha kila kilicho nje. Ndiyo maana jiko la mama lina uchaga juu ya mafiga. Matawi ya miwati yanapandishwa pale, yanakaa juu ya moshi na joto, na yanayoshushwa kupikiwa leo ni yaliyopandishwa zamani. Moto wa leo unakausha kuni za kesho. Ukimwondolea mama uchaga wake mwezi wa saba, hakuna chai asubuhi. Maine hatuna uchaga, tuna jua la kiangazi na upepo, na kazi ni ile ile: kuni za majira haya ya baridi ziwe zimekatwa na kuchanjwa zamani, wakati hakuna anayefikiria baridi.

Ukuni mbichi hujitangaza ukiutazama kwa karibu. Ncha yake inatoa povu jeupe, maji yanatambaa chini ya gome na kuchemka, na ile sauti ya kulia anayoisema mama inasikika hata mlango ukiwa umefungwa. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Tuchukue kilo 20 za kuni kama hizo: kilo 10 ni mti, kilo 10 ni maji. Kuyapasha maji hayo na kuyageuza yote mvuke kunakula megajuli (kipimo cha nishati) 26 hivi, na kilo 10 za mti mkavu zinabeba megajuli 190 hivi. Akisikia hesabu hiyo mtu husema basi hasara ni kama sehemu moja ya saba, si neno, tuzichome hivyo hivyo. Hasara kubwa haimo kwenye hesabu hiyo. Mvuke unaotoka unaupoza mwali, mwali hauzifikii zile nyuzi 600, na gesi ya ukuni, ambayo ndiyo ilibeba sehemu kubwa ya joto, inapita juu bila kuungua. Mtu anapoteza maji na anapoteza gesi, halafu anashangaa kordi 10 zimekwisha Februari.

Kordi ni kipimo cha kuni cha huku: rundo lililopangwa la futi 4 kwa 4 kwa 8, yaani futi za ujazo 128, karibu mita za ujazo 3.6. Nyumba yenye boila la nje la zamani inaweza kula kordi 10 au zaidi kwa majira moja ya baridi, kwa hiyo asiyekausha kuni zake anabeba mzigo wa maji kwa mikono yake mwenyewe, kutoka msituni hadi tanurini, halafu analipia.

Kuni zinachanjwa kwanza, ndipo zinakaushwa. Gome limeumbwa kuhifadhi maji, na gogo zima linaweza kukaa kivulini mwaka mzima likabaki bichi katikati. Tunalipasua mapema, tunapanga mapande juu ya mapaleti yasiguse ardhi, safu moja moja, upande wa jua na upepo, na tunafunika juu tu. Anayefunika rundo zima kwa turubai mpaka chini anafungia unyevu ndani, na akija kufunua anakuta ukungu mweupe. Lengo ni unyevu wa asilimia 20 au chini yake. Kuna kipimo kidogo cha sindano mbili, bei yake haifiki ya gunia la mchele, ila kinataka kutumiwa kwa akili: usikichomeke kwenye ncha ya ukuni, kwani ncha hukauka kabla ya vyote. Pasua ukuni upya, pima uso wa ndani. Na usipime ukuni ulioganda kwa baridi, kitakudanganya kuwa ni mkavu. Uingize ndani kwanza, upate joto la chumba.

Miti nayo hailingani. Mwaloni ni mzito, makaa yake yanadumu kuliko ya miti yetu mingine ya hapa, lakini unataka viangazi viwili kamili, na ninajua wanaouchoma baada ya miezi sita wakilalamika kwamba boila lao ni bovu. Mepo, ule wenye jani lililo kwenye bendera ya Kanada, unapokea kukauka vizuri zaidi. Mti wa gome jeupe linalobanduka kama karatasi lazima upasuliwe mara moja, maana ukiachwa mzima unaoza ndani ya gome lake. Eshi una maji machache hata ukiwa umesimama, na kiangazi kimoja kinautosha. Kuni za eshi zimekuwa nyingi mno miaka hii kwa sababu ya kuhuzunisha: mdudu mdogo wa kijani kutoka Asia, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 na kufika Maine mwaka 2018, anaimaliza miti hiyo kwa kutoboa chini ya gome. Anasafiri ndani ya kuni. Ndugu yako wa jimbo la jirani akikuambia anakuletea kuni za bure kwenye pikapu, mshukuru umkatalie. Nunueni kuni za pale pale mnapoishi.

Neno moja kuhusu misonobari. Hapa wengi wanaiogopa, wanasema utomvu wake ndio unaoziba mabomba ya moshi. Lami huletwa na unyevu na moto uliolala, na msonobari uliokauka vizuri unawaka haraka na kwa usafi. Kwetu Mufindi, karibu na msitu wa Sao Hill, mipaina, ndiyo misonobari hiyo hiyo, imepikia watu vizazi. Mimi nauwekea akiba kwa siku zile za vuguvugu, kwa sababu unawaka kwa nguvu na kwisha.

Sasa mlango. Hili ndilo ningependa kila mtu aoneshwe na mwenzake akiwa amesimama pale pale, lakini nitajaribu kulieleza. Boila lililolala limejaa gesi ambayo haikupata hewa. Ukifungua mlango ghafla, hewa inaingia, inakutana na gesi na makaa, na vyote vinalipuka kwa pigo moja linalotoka mlangoni. Nyusi huungua hivyo, na uso pia. Kwa hiyo kwanza nazima feni na kuvuta kile kifuniko kinachofungua njia ya moja kwa moja kwenda kwenye bomba la moshi. Halafu nafungua komeo, naacha mlango wazi upana wa kidole, nasimama pembeni upande wa bawaba, nasubiri. Moshi unasikika ukivutwa kwenda juu. Unapotulia ndipo namalizia kufungua, uso ukiwa mbali, mikono ikiwa kwenye glavu ndefu za ngozi.

Kinachoonekana ndani ndicho kinachoamua kila kitu. Mzee jirani yangu, mkata miti aliyestaafu ambaye ndiye aliyenifundisha, ana kipimo kimoja tu na sijapata bora zaidi: ukifungua asubuhi ukakuta kuni ambazo hazijaungua, jana ulitia nyingi. Ukikuta makaa ya kutosha kuwashia, ulitia sawa. Ukikuta majivu matupu, ongeza kidogo. Hajali boila lina ukubwa gani wala mtengenezaji amesema nini. Kila usiku unapimwa na asubuhi yake.

Makaa mazuri kwa juu ni ya kijivu, na ukiyagusa kwa chuma rangi ya chungwa inatokeza. Nina chuma kirefu chenye kichwa kama cha jembe. Nacho navuta makaa kutoka pembeni, nayaleta mahali hewa inapoingilia, navunja vipande vikubwa vyeusi, nasawazisha. Wakati mwingine juu panaonekana pana kuni na chini kumbe ni pango: kuni zimekwama ukutani huku na huku, makaa ya chini yameisha, na feni inapuliza hewa tupu. Chuma hicho hicho kinaziangusha. Hali hiyo inazuilika kwa kukata kuni fupi kuliko tanuri, zikaweza kushuka zenyewe kadiri zinavyoungua.

Makaa yakiwa machache, kuni nyembamba kwanza, hewa ifunguliwe, zishike kabisa, ndipo zile nene. Yakiwa ya kutosha, nyembamba bado zinakwenda chini na nene juu, zote zimelala kuelekea mlangoni. Kwenye baridi kali sana hutokea jambo la kinyume, makaa yanajaa mpaka nusu ya tanuri kwa sababu tunaongeza kuni kabla ya yale ya mwanzo kumalizika. Hapo dawa ni kuyavuta mbele na kuyaacha yapulizwe na feni peke yake kwa saa moja hivi. Yana joto kubwa. Wengi hutia kuni juu yake na kuishia kukosa nafasi ya kitu chochote.

Kuhusu moshi nitasema kwa uzito, kwa kuwa nimekulia ndani yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majikoni vilisababisha vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020, na wengi wanaopika ndani ya moshi huo ni akina mama kama wangu. Kuutoa moshi ndani ya nyumba yangu na kuupeleka dirishani kwa jirani hakumsaidii mtu. Maboila ya nje yalianza kuenea Marekani miaka ya 1980, hasa kutoka Minnesota, na kwa muda mrefu hayakuwa na kikomo chochote cha taifa: tanuri moja, bomba fupi, moshi unatambaa chini ya miti na kuingia kwenye nyumba za wengine. Majimbo yakaanza kuweka kanuni zake, Maine ikiwemo. Mwaka 2015 serikali kuu, kupitia mamlaka yake ya mazingira, EPA, iliweka kikomo cha paundi 0.32 za vumbi la moshi kwa kila BTU (kipimo cha joto cha huku) milioni za joto, na Mei 2020 ikakishusha hadi 0.10 kwa maboila mapya.

Maboila mapya hufika hapo kwa kuwa na chumba cha pili. Gesi inasukumwa chini kupitia tundu jembamba hadi kwenye chumba kilichojengwa kwa matofali ya kuhimili moto, yasiyopozwa na maji, na huko inaungua kwa joto linalokaribia nyuzi 1,000. Likiwa limeshika vizuri, juu ya bomba huoni kitu ila hewa inayotetemeka. Lakini chumba hicho cha pili hakina huruma kwa kuni mbichi, kinazimika kabla ya lile tanuri la zamani. Anayenunua boila la kisasa bila kuwa na kuni kavu za mwaka huo amenunua tatizo la bei ghali. Ninamshauri aanze na banda la kuni, boila lije mwaka unaofuata.

Umeme ukikatika, feni inasimama na moto unalala, hilo halina hatari ya haraka. Pampu nayo inasimama, na hapo ndipo penye shida, kwa kuwa maji yaliyosimama ndani ya mabomba yataganda baridi ikiendelea. Wazee wa hapa bado wanaizungumzia dhoruba ya barafu ya Januari 1998, iliyowaacha zaidi ya nusu ya watu wa Maine gizani, wengine kwa wiki mbili na zaidi. Sisi tuliozoea mgao tuna cha kuwaambia: betri kubwa na inveta vinatosha, maana pampu na feni havili umeme mwingi. Navijaribu kila Novemba, kabla havijahitajika.

Majivu hutolewa kila baada ya siku chache, lakini si yote. Tabaka la vidole viwili linabaki, ndilo linalofunika makaa na kuyalinda. Yanayotoka yanaingia kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, na ndoo inakaa juu ya udongo, mbali na ukuta, wala si kwenye baraza la mbao. Kaa lililofunikwa majivu linaweza kuwa hai siku kadhaa. Yakipoa kabisa ni mbolea nzuri kwa udongo wa huku wenye tindikali, nayanyunyiza kidogo kwenye kabichi na lengalenga. Kwenye viazi hapana, yanaleta ukoko kwenye ganda, na kwenye mibluberi, vichaka vya matunda madogo ya buluu, hapana kabisa, ile inaitaka tindikali hiyo hiyo.

Maji ya boila yana dawa yake ya kuzuia kutu na lazima yapimwe kila mwaka. Na yanayorudi kutoka nyumbani yasiwe baridi kupita kiasi, yasishuke chini ya nyuzi 60, la sivyo mvuke wa moshi unatonesha kwenye chuma na kutu inaanza. Kuna vali inayochanganya maji ya moto na yanayorudi, fundi aifunge tangu mwanzo. Mabomba ya ardhini mtayapima bila kifaa: theluji ikianguka, tembeeni juu ya njia yake. Kama theluji imeyeyuka kwa mstari kutoka kwenye kibanda hadi nyumbani, joto lenu linapasha udongo, na mwakani pafukuliwe pafungwe upya.

Mwisho wa Aprili moto unaachwa ufe. Wiki hiyo hiyo, kabla unyevu wa kiangazi haujaingia, kuta za tanuri zinakwanguliwa mpaka chuma kionekane, majivu yote yanatolewa safari hii bila kubakiza kitu kwa kuwa yanavuta maji, bomba la moshi linapigwa brashi na kufunikwa, na maji yanaachwa ndani na dawa yake. Mei ndiyo wakati mzuri wa kuagiza magogo. Wakata miti hawana wateja wengi, barabara za msituni zimekauka baada ya matope ya theluji, na mwaloni utakaoshushwa uani kwako mwezi huo, ukiuchanja kabla ya Julai, utakuwa tayari kwa majira ya baridi ya mwaka wa pili yake.